Ng'ombe Wasiohesabiwa

Jumamosi, 8 Februari

Chuoni tena. Tumefika Musoma saa mbili na robo, tumechelewa, kwa sababu dereva wa gari la shule alisimama Makutano kununua mihogo na akaanza kuonja mmoja mmoja. Tukaingia darasani Mwalimu Bwire ameshajaza ubao. Wanachuo wote wakageuka. Kila Jumamosi wanageuka. Sketi za shule na soksi nyeupe katikati ya watu wenye ndevu na pete za ndoa.

Tulianza sita mwaka jana. Wote kidato cha tano, wote mchepuo wa EGM, uchumi, jiografia na hisabati. Mkuu wa shule alitusimamisha paredi akasema tumechaguliwa: tutasoma masomo ya mwaka wa kwanza wa diploma Jumamosi kwa Jumamosi tukiwa bado sekondari, na tukiyafaulu, baada ya kidato cha sita tunaingia chuo mwaka wa pili moja kwa moja. Tulipigiwa makofi. Ukifeli somo moja, unatolewa. Hapo hatukupigiwa makofi.

Mpaka Krismasi wanne wakaacha. Tumebaki mimi na Wegesa.

Mimi ni wa Bunda mjini, Manyamanyama, binti wa fundi seremala. Naongea haraka na nakosea haraka. Wegesa anatoka kijiji kilicho jirani na shule yetu huku Butiama, kwa wafugaji. Anaongea kama mtu anayechambua mchele. Jaribio la kwanza la Takwimu nilipata sabini na moja, nikatamba bweni zima. Yeye alipata themanini na nane, hakumwambia mtu. Nilinuna siku tatu. Sasa nimekubali yaishe. Huyu msichana ana akili kuliko mimi, na kinachoniudhi ni kwamba pia ana moyo mzuri. Angemwachia mtu hata kasoro moja ya kumsengenya.

Leo Mwalimu Bwire ametoa utafiti. Kila watu wawili wachague jambo la kuhesabu katika kaya thelathini, watafute wastani na mtawanyiko, waje kuwasilisha tarehe 22 Machi. Alama mia. Chini ya hamsini, umetoka.

Baba yake Wegesa ameshasema chuo cha miaka miwili hataki kukisikia, binti akimaliza kidato cha sita imetosha. Cha mwaka mmoja atafikiria. Kwa hiyo huo mwaka tunaouokoa, kwangu ni sifa tu. Kwake ndio chuo chenyewe.

Jumatano, 12 Februari

Tumechagua ng'ombe. Nimechagua, niseme ukweli. Wanachuo wamegombania dagaa wa kisiwa cha Rukuba na maduka ya Musoma. Sisi tuna kijiji cha kina Wegesa, mwendo wa dakika arobaini kutoka shuleni. Ng'ombe wamejaa. Kazi rahisi.

Dodoso nimeliandika peke yangu jioni moja, maswali kumi na mawili. La kwanza: Una ng'ombe wangapi?

Wegesa akalisoma, akalirudia. Akasema, "Kwetu ng'ombe hawahesabiwagi." Nikamuuliza sasa mmoja akipotea wanajuaje. Akasema wanajua tu. Nikamwambia kujua tu si takwimu. Hakubisha. Yeye asipobisha mimi hudhani nimeshinda.

Jumapili, 16 Februari

Ruhusa tumepata baada ya misa. Tumegawana njia. Mimi nimefanya kaya kumi na moja. Yeye mbili! Nilimkuta kwa bibi mmoja amekaa kwenye kigoda anaulizwa habari za shangazi zake, dodoso amelikalia. Nikamwambia kwa mwendo huu tutamaliza utafiti tukiwa na wajukuu.

Watu wakarimu. Wanajibu haraka, bila hata kufikiri. Nimechoka ila najisikia mtafiti.

Jumamosi, 22 Februari

Aibu. Aibu tupu.

Mwalimu Bwire aliomba kuona data za mwanzo. Kati ya kaya zangu kumi na moja, tisa wamejibu ng'ombe kumi. Wawili walisema "wachache tu," nikawaandikia watano. Akaisoma ile safu kwa sauti, mbele ya darasa zima. Kumi. Kumi. Kumi. Kumi. Akavua miwani.

"Binti wa Bunda, hawa wazee walikuwaga na kikao jana yake?"

Wanaume wazima wakacheka mpaka wakapiga meza. Akasema data hii hata mbuzi hali. Turudie zote.

Wegesa alikuwa na kaya zake mbili. Kwenye nafasi ya idadi hakuandika kitu. Angeweza kusema pale pale kwamba alinionya. Hakusema. Njiani hakusema. Bwenini hakusema. Mimi ningekuwa yeye, ningetangaza kwa kipaza sauti.

Jumapili, 23 Februari

Nimeamua wasiponiambia nitahesabu mwenyewe.

Nilikwenda kwa Mzee Wandiba jioni, ng'ombe wakirudi. Wegesa alikuwa amebaki nyuma anasalimia watu. Nikasimama mlangoni mwa zizi, nikanyoosha kidole, nikaanza. Mmoja. Wawili. Watatu. Kwa sauti, ili nisipoteze hesabu. Mzee alikuwa amesimama upande wa pili na fimbo yake. Ananitazama, hasemi neno. Nikadhani ananiruhusu.

Nilikuwa nimepita ishirini Wegesa alipotokea anakimbia. Sijawahi kumwona akikimbia. Hakunigombeza. Alikishika kidole changu akakikunja, kama unavyomkunja mtoto kiganja ili asidondoshe kitu. Akaniongoza kutoka.

Tuliaga. Mzee hakuitikia.

Jumanne, 25 Februari

Mtamba wa Mzee Wandiba amekufa.

Habari imeletwa na mama anayeuza maziwa jikoni mwa shule. Jana asubuhi hakula, jioni akalala, leo hakuamka. Ilikuwa azae kwa mara ya kwanza mwezi wa nne. Kijijini wanasema binti wa mjini aliwahesabu kwa kidole.

Nimecheka. Kwa hofu, si kwa dharau.

Jumatano, 26 Februari

Afisa mifugo amekuja, amesema ni ndigana, ugonjwa unaoletwa na kupe. Mimi nimefurahi, Mungu anisamehe. Nikamkimbilia Wegesa: umeona, ni ndigana, si mimi. Akasema anajua ni ndigana. Akaendelea kufua. Baadaye akaniambia, bila ukali, kwamba mzee hakulalamikia ugonjwa. Analalamikia mtu kuja kwake na kusimama mlangoni akinyooshea mali yake kidole, na hakuna aliyemkanya.

Mchana baba yake akaja shuleni. Mrefu, kofia mkononi. Alisimama na Mkuu wa shule chini ya ukuta wa maktaba, sisi wawili mbele yao. Akasema hakuna nyumba itakayotupokea tena. Akamuuliza Wegesa ni nani aliyehesabu.

Nilikuwa nafungua mdomo. Naapa nilikuwa naufungua. Wegesa akawahi: "Tulikuwa wawili, baba."

Basi. Akatazamwa yeye, akasemwa yeye. Mkuu wa shule akauliza hayo masomo ya chuo yana faida gani kama yanatugombanisha na wazazi. Baba yake Wegesa akasema hata yeye anajiuliza.

Nilipotaka kumshukuru akaniambia nimpishe, ana nguo za kuanika.

Ijumaa, 28 Februari

Wiki tatu zimebaki. Kaya tulizo nazo: hakuna.

Nimependekeza tubadilishe, tupime namba za viatu bwenini. Tungemaliza Jumapili moja. Wegesa akasema hapana. Kesho kutwa anakwenda kwa Mzee Wandiba kuomba radhi, na mimi nakwenda naye. Hakuniuliza. Nikauliza tubebe nini. Akasema, "Mikono."

Jumapili, 2 Machi

Funga ya kwanza. Mwezi uliandama jana, matroni akaniamsha kula daku. Ningechagua siku nyingine ya kwenda kufanya kazi juani, ila sikupewa nafasi ya kuchagua.

Hatukubeba karatasi wala kalamu. Wegesa alipiga magoti akawasalimia mzee na mkewe, akasema tumekuja kusaidia. Mzee akaondoka na fimbo yake. Mama Wandiba akatuonyesha kwa kidevu: majani ya kukata, maji ya kuteka, ukuta wa ghala wa kukandika. Hakututazama tena mpaka jua lilipofika kichwani.

Nilijua kazi ngumu kwa kusikia. Kufikia saa saba macho yangu yalikuwa yanaona nyota. Ndoo zangu mbili za mwisho Wegesa alizibeba juu ya zake. Yeye hafungi, lakini na yeye hakula. Nilipomuuliza akasema hana njaa. Muongo.

Mama Wandiba akaleta maziwa, vikombe viwili. Nikakataa. Uso wake ukajifunga kama mlango. Nikaogopa, nikajua nimeharibu tena. Wegesa akamweleza kwa Kizanaki kwamba mimi ni Mwislamu na leo ndiyo tumeanza kufunga. Kisha akanywa chake na changu, vyote, pale pale, mpaka chini. Mama akaniangalia vizuri kwa mara ya kwanza. Akauliza, na umebeba maji yale yote hujala? Akaniambia nikae kivulini.

Akakaa na yeye. Akaanza kuongea habari za yule mtamba. Alikuwa na jina. Aliitwa kwa neno lao lenye maana ya Mchelewaji, kwa sababu tangu ndama alikuwa wa mwisho kurudi zizini. Mama yake ni Kidoti. Kidoti alizaliwa na yule aliyekuja na mahari ya wifi. Wegesa anauliza kidogo tu: na mdogo wake? Na yule mwenye pembe moja, ni wa nani? Mama Wandiba akatiririka. Nani mkorofi, nani anapiga teke anapokamuliwa, nani anatoa maziwa mengi, nani alipotea wakati wa mvua akarudi peke yake. Saa mbili nzima. Alilia kidogo alipofika kwa Mchelewaji tena. Na Wegesa akalia. Nilitazama pembeni.

Njiani ndipo nilipogutuka. Mama yule ametutajia zizi zima! Kila ng'ombe, mama yake, maziwa yake. Bila namba hata moja. Nikamshika Wegesa bega, nikapiga kelele, hii ndiyo njia, tunaandika majina! Akanishangaa. "Mimi nilikuwaga namsikiliza tu."

Hapo ndipo tunapotofautiana. Wazo nimeliona mimi, nalijivunia. Lakini bila mtu wa kusikiliza kusingekuwa na kitu cha kuona.

Jumanne, 4 Machi

Wegesa ameomba ruhusa akarudi peke yake kwa Mzee Wandiba. Kuomba tuandike majina. Mimi ningeandika tu kimya kimya.

Mzee amekubali kwa sharti moja. Majina sawa. Ila idadi isiandikwe kwenye karatasi yoyote pamoja na jina la nyumba yake, na asiambiwe mtu. Nyumba yake wala ya mwingine. Wegesa ameahidi kwa niaba yetu wote wawili. Mzee akasema atawaambia wenzake. Tumefunguliwa kijiji.

Baba yake naye amenyamaza. Kwa baba huyo, Wegesa anasema, kunyamaza ni habari njema.

Jumamosi, 8 Machi

Hakuna kipindi chuoni, tumeachiwa tufanye utafiti. Kutwa nzima kijijini. Kaya nane.

Tunaingia, tunasalimia, tunakaa. Wegesa anauliza ng'ombe mkubwa kuliko wote ni nani na alitoka wapi. Basi, mto umefunguliwa. Mimi naandika tafsiri ya majina, maana Kizanaki changu ni cha kuombea maji tu. Bibi Harusi. Mgonjwa. Kisirani. Wa Kanisani, alinunuliwa siku ya kipaimara. Mwingine anaitwa Simu kwa sababu alibadilishwa na simu, na mwenyewe anaona alipunjwa.

Wanawake ndio wanaojua maziwa. Wanaume wanajua koo. Nikauliza swali hilo hilo kwa mume na mke mmoja nikapata majibu mawili, wakaanza kubishana mbele yetu, tukaondoka na majina matatu zaidi.

Kila nyumba maziwa. Mimi nimefunga. Kikombe changu kinakwenda kwa Wegesa, kwa sababu kurudisha kikombe kimejaa ni matusi. Nyumba nane, vikombe kumi na sita. Kurudi alikuwa anatembea kama mjamzito wa miezi tisa, anasimama kila baada ya mita kumi. Nimecheka mpaka nikaogopa kubatilisha funga. Hakulalamika. Akasema tu Jumapili ijayo tuanze na wenye ng'ombe waliokauka maziwa.

Jumapili, 16 Machi

Kaya thelathini. Tumemaliza!

Mvua imetupiga jana na leo. Viatu vyangu vimebaki nusu kwenye matope ya njia ya mtoni. Nyumba ya mwisho ilikuwa ya baba yake Wegesa mwenyewe. Alimtajia binti yake ng'ombe wake mmoja mmoja, taratibu, kwa Kiswahili, ili mimi niweze kuandika. Alipomaliza akaniuliza kama nimeandika wote. Nikasema ndiyo, mzee. Akasema, "Usiniambie wangapi." Na akatabasamu. Ana meno kama ya Wegesa.

Jumatatu, 17 Machi

Jinsi tulivyohesabu. Naandika ili nisisahau, maana ni jambo zuri kuliko yote niliyojifunza mwaka huu, na halikutoka kitabuni.

Wegesa amekata karatasi. Kaya moja, kipande kimoja, majina ya ng'ombe tu, jina la mwenye nyumba halipo. Vyote thelathini vimekunjwa vikatiwa kwenye ndoo yake ya kuogea. Akatikisa. Tukatoa kimoja kimoja, tunahesabu majina, tunaweka kwenye fungu: chini ya kumi, kumi mpaka ishirini, na kuendelea. Mwisho una mafungu, una wastani, una mtawanyiko, na hakuna anayejua nyumba ipi iko wapi. Ameitunza ahadi na amepata hesabu. Mtu wa miaka kumi na minane, kwenye ndoo ya kuogea.

Na sasa la pili, la aibu. Mwandiko kwenye daftari la majina tulilotembea nalo nyumba kwa nyumba ulikuwa wangu. Nakumbuka kila ng'ombe ni wa nani. Mchana, wengine wakiwa wamelala bwenini, nimeketi nikachora jedwali kwenye ukurasa wa mwisho wa shajara hii. Jina la mwenye nyumba, idadi. Nyumba zote thelathini. Mstari wa kwanza ni Mzee Wandiba.

Kwa usalama tu. Ikitokea tumekosea. Hakuna atakayeuona.

Jumamosi, 22 Machi

Tumewasilisha. Walimu watatu mezani, darasa limejaa.

Tulikubaliana mimi niongee kwa sababu naongea vizuri. Nilipofika kwenye njia ya kukusanya data ulimi ukagoma, nikamwachia Wegesa. Akasimama pale na soksi zake nyeupe akaeleza kwa nini swali la kwanza lilikuwa baya, na kwamba lilikuwa letu wote wawili (uongo mwingine wa kunibeba). Akaeleza majina, kigoda, mume na mke wanaobishana, ndoo. Hakuinua sauti hata mara moja. Wale wenye ndevu waliocheka mwezi uliopita walikuwa wanaandika. Nilijisikia fahari mpaka masikio yakawaka moto, na sikuwa nimefanya kitu dakika ile zaidi ya kushika karatasi.

Kisha Mwalimu Bwire akauliza: data ghafi iko wapi? Nyumba kwa nyumba, jina la mwenye kaya na idadi. Wegesa akampa vile vipande thelathini. Akasema hapana, hivi havina wenyewe. Atahakikishaje kwamba hatukukaa bwenini tukabuni ng'ombe?

"Niliwaahidi, Mwalimu. Siwezi."

Mwalimu wa pili akasema ndiyo shida ya kuleta sekondari chuoni, hawajui utafiti ni nini. Wegesa akamsikiliza mpaka akamaliza. Akasema anajua anachopoteza.

Mwalimu Bwire hakukasirika. Ingekuwa afadhali angekasirika. Alisema data ghafi ina alama thelathini, sheria si yake. Tuna mpaka Jumamosi ijayo. Tukileta, tunazo. Tusipoleta, anasahihisha sabini zilizobaki na pasi ni hamsini ile ile.

Jumatano, 26 Machi

Hamsini kati ya sabini. Kazi yetu ya kwanza ya pamoja, ya mwaka jana, hatukupata hata arobaini na tano kati ya sabini. Nimepiga hesabu mara sita. Haibadiliki.

Nimemwambia Wegesa tutumie namba: Kaya ya kwanza, Kaya ya pili, bila majina. Akasema Mwalimu anataka majina, na hata bila majina, kijijini kwao watu wakiona idadi tu watajua ni nyumba ipi. Halafu akasema kitu kilichonimaliza. Kwamba asipofaulu, atakuwa amekosa chuo. Akivunja ahadi, atakuwa amekosa pa kurudi.

Anakula. Analala. Anasoma jiografia. Mimi ndiye ninayezunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia. Ukurasa wa mwisho wa shajara hii una kila kitu anachotaka Mwalimu Bwire. Dakika moja tu. Wegesa asingelazimika kujua. Angefaulu, angesoma, angenishukuru bila kujua ananishukuru kwa nini. Ahadi aliitoa yeye, si mimi.

Hilo la mwisho nimelisoma tena. Sijipendi leo.

Jumamosi, 29 Machi

Nilikwenda na shajara kwenye mkoba. Nilikuwa nimeamua. Niandike kama lilivyo: nilikuwa nimeamua kumpa.

Ofisini kwa Mwalimu Bwire, sisi wawili mbele ya meza. Akamuuliza Wegesa. Wegesa akasema hapana, Mwalimu, na asante kwa kutungoja. Alishukuru! Mwalimu akanigeukia mimi.

"Na wewe Zainabu? Unayo?"

Mkoba ulikuwa mapajani. Mkono wangu ulikuwa juu ya zipu. Nikamwona Mzee Wandiba amesimama na fimbo yake ananitazama nikinyoosha kidole.

Nikasema, "Sina, Mwalimu."

Akaandika kitu. Tukatoka.

Nimefunga na nimesema uongo mbele ya mtu mzima. Nimemnyima rafiki yangu alama thelathini. Sijui nimefanya nini.

Jumatatu, 31 Machi

Idi. Niko nyumbani Manyamanyama, ruhusa ya siku mbili. Mama amepika pilau la kulisha mtaa. Baba amevaa kanzu mpya, anatembea kwa tahadhari asishike randa hata kwa bahati mbaya.

Nimekata ukurasa wa mwisho kwa wembe. Nimeutia jikoni, chini ya sufuria. Mama akauliza karatasi ya nini. Nikasema ya shule. Akasema moto unataka kuni, si karatasi.

Jumamosi, 5 Aprili

Hamsini na nne.

Tumefaulu. Tunabaki. Mimi ambaye nilinuna kwa sabini na moja, leo nimeruka kwa hamsini na nne mbele ya watu wenye ndevu. Kwenye ripoti yetu, sehemu ya data ghafi, kuna sifuri kubwa ya wino mwekundu. Sehemu ya njia ya kukusanya Mwalimu Bwire amempa Wegesa alama zote. Na Jumamosi ijayo amemwomba alete ile ndoo, awaonyeshe mwaka wa kwanza wote jinsi alivyofanya. Wegesa aliuliza kama hawana ndoo yao hapo chuoni.

Baba yake hatujui atasema nini. Ila alimtuma mtu shuleni Alhamisi kuuliza matokeo yanatoka lini.

Tulikaa Makutano kungoja gari la shule, tunakula mahindi ya kuchoma. Nikaona siwezi kuendelea kumeza bila kusema. Nikamwambia yote. Jedwali, mkoba, zipu. Niliongea haraka, kama kawaida yangu, nikiangalia barabara.

Alitafuna mpaka akamaliza mstari wa punje.

"Nilikuona siku ile ukiandika," akasema. "Nilikuwaga macho."

Nikamuuliza kwa nini basi hakuniambia niuchane ule ukurasa, kwa nini alinyamaza siku zote zile na chuo chake kiko mikononi mwangu.

"Nilijua hutampa."

Yeye alijua. Mimi sikujua. Mpaka mkono uko juu ya zipu sikujua.

Akanimegea nusu ya hindi lake, langu lilikuwa limeisha. Gari likaja, tukapanda, akalala kabla gari halijashika kasi.